Kikhmer Kinataka Mtu

Kila mtu Fordsburg alimwita Mchina, na yeye aliitika. Mchina, nipunguzie suruali. Mchina, kanzu yangu iko tayari? Nilipoanza kazi kwake nilikasirika kwa niaba yake, maana mimi mwenyewe nimeitwa Mkongo miaka yote niliyokaa Johannesburg, na kila mara nasimama kueleza kwamba mimi ni Mrundi, tena wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura. Nikamwuliza kwa nini hawasahihishi watu. Akatoa pini mdomoni, akazichoma moja moja kwenye kifuko alichofunga mkononi, kisha akanijibu.

"Mimi kusema Kambodia, wao kuuliza ni wapi. Mimi kusema ni wapi, wao kuuliza kwa nini kuja huku. Mchina, basi. Suruali kwisha, mtu kwenda."

Ndivyo alivyoongea Kiswahili. Alikiokota kwa Watanzania na Warundi wa mtaa ule, na vitenzi vyake havikuwa na jana wala kesho. Ukimcheka alisema kosa ni la Kimalay, lugha aliyoishi nayo ukimbizini Malaysia kabla ya mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kumleta huku kushona kanzu. Sisi tuliofanya kazi ndani tulimwita Fundi, na mbele yake tulimwita Mzee. Nilikaa kwenye mashine ya pili ya duka lake miaka kumi na mmoja. Nikisema nilimjua, nitakuwa nadanganya kidogo.

Duka lilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa, lenye dirisha moja ambalo yeye alilitwaa. Mimi nilikuja kila siku kwa teksi mbili kutoka Rosettenville, nikifika na miguu iliyoganda mwezi wa sita, nikamkuta ameshawasha jiko la mafuta ya taa chini ya meza, na chai iko tayari, tamu mno. Kwa sukari alikuwa mkarimu. Kwa uzi alikuwa bahili wa ajabu. Aliokota vipande vya uzi sakafuni, akavizungushia kwenye kijiti, na ukitupa kipande kirefu kuliko kidole alikinyanyua akakiweka mbele yako. Wateja wote aliwaambia kanzu itakuwa tayari Alhamisi. Miaka ya mwanzo sikuona Alhamisi hata moja ambayo kanzu ilikuwa tayari. Walimgombeza, akainamisha kichwa, akawapa chai.

Alipenda kulinganisha lugha zake mbili kama wanaume wengine wanavyolinganisha timu za mpira. Hakusoma chuo, wala hakuwa na kitabu chochote cha mambo hayo. Alikuwa na mdomo na siku nzima ya kushona.

Kimalay nilikipenda mara moja. Juma langu la kwanza aliniambia "kertas" huku akinyoosha mkono, nami nikampa karatasi ya kukatia. Akashtuka. Akajaribu "sabun", nikacheka. Akajaribu "dunia", akajaribu "khabar", na kila nilipoitambua alipiga meza kwa furaha. Maneno hayo ya Kiarabu yalifika kwa Wamalay kwa njia ile ile yaliyofika kwetu, kwa dini na biashara, na kwa hiyo mwanamke wa Buyenzi na mzee Mwislamu wa Kambodia wakajikuta na mfuko mmoja wa maneno. Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, kwa hiyo hata alipoandika Kimalay kwa herufi za Kiarabu niliweza kukisoma kwa sauti, bila kuelewa nusu yake. Yeye alifumba macho akisikiliza. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikimsalimia kwa Kimalay, nikimtania kwa Kimalay, na Zaina, binti yangu anayeelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama nimepata mchumba wa Kichina.

Kikhmer, lugha ya kwao Kambodia, kilikuwa kitu kingine, na hapo hakukuwa na mfuko wa pamoja. Niliomba anionyeshe maandishi yake, akachora kwa chaki ya kitambaa juu ya meza. Herufi zilikuwa na vichwa vilivyopinda, na chini yake herufi nyingine ndogo zimening'inia. Aliniambia hizo za chini zinaitwa miguu. Maneno yalifuatana bila nafasi kati yake, mstari mzima umeshonwa pamoja.

"Nitajuaje neno linaishia wapi?" nilimwuliza.

"Unajua kwa sababu unajua."

"Hilo si jibu, Mzee."

"Kikhmer hakuna jibu. Kikhmer kuna mama yako."

Alikuwa na mfano wake mmoja wa kula, na aliurudia kwa kila mgeni aliyekaa dakika tano. Kwa Kimalay, alisema, ni "makan". Mimi makan, wewe makan, paka makan. Wafalme wana neno lao, lakini nani amekula na mfalme? Kwa Kikhmer mtawa ana neno lake la kula, mfalme lake, mzee lake, mtu wa kawaida lake, na ng'ombe lake. Ukikosea, umemtukana mtu au umemheshimu ng'ombe. Nilimwambia sisi Waswahili tunakula wote, mfalme na ng'ombe, na hakuna aliyelalamika. Akasema ndiyo maana mimi na yeye tuko Johannesburg.

Wakati mwingine alisema kwa utaratibu zaidi. Kimalay, alisema, ni sokoni, kila mtu anaingia na viatu vyake, hata Mrundi. Kikhmer ni nyumbani: unavua viatu mlangoni, halafu unauliza nani yuko ndani, maana huwezi hata kusema "mimi" vizuri kabla ya kujua kama huyo mbele yako ni kaka, shangazi, babu au mtoto. "Kimalay mimi kusema peke yangu, sawa tu. Kikhmer kinataka mtu." Kisha alirudi kwenye pindo lake. Alipima wateja kwa Kikhmer, kwa sauti ya chini, futi ikiwa shingoni. Hesabu hiyo ndiyo Kikhmer pekee iliyosikika humo dukani, na hakuna aliyemjibu.

Nilijua ni nini kilichomsumbua siku moja ya uvumi wa maandamano. Nyinyi mlioishi huku mnajua siku hizo. Mtu anapiga simu kutoka Alexandra, anasema wameanza kusema wageni watoke, na ndani ya nusu saa mtaa mzima unashusha mabati. Yeye alikuwa wa kwanza kushusha, daima. Tulikaa gizani asubuhi nzima, mimi na yeye, jiko linatuonyesha magoti tu. Nilikuwa naogopa, na nilipoogopa nilisema ovyo, nikamsimulia jinsi tulivyotoka Bujumbura, mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu huku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema na yeye ana habari moja.

"Ya miaka ile ya njaa," alisema. "Wakambodia kuua Wakambodia. Nani kufa. Nani kunyoosha kidole, huyu afe."

"Niambie."

"Iko kwa Kikhmer."

"Niambie kwa Kimalay, nitaokota ninachookota."

"Mimi kujaribu. Malaysia, imamu mmoja, mtu mzuri sana. Mimi kumwambia kwa Kimalay. Maneno kutoka, lakini ile habari kubaki ndani. Kwa Kimalay mambo yale hakuna kutokea."

"Basi kwa Kiswahili."

Alicheka kidogo. "Kiswahili mimi najua suruali."

Akaniambia anaomba Mungu amkutanishe na mtu mmoja tu wa kumwambia kabla hajafa, na kwamba habari hiyo imekaa kifuani miaka mingi kuliko umri wangu wa wakati huo. Nililia, na sikujua kama nalia kwa ajili yake au kwa ajili ya yale niliyoyasema mwenyewe. Saa sita mchana mtu akagonga bati akasema uvumi ulikuwa wa uongo, tukafungua, mteja wa kwanza akauliza kanzu yake.

Watu wa mtaa walimhurumia bila kujua wanahurumia nini. Waliona mzee hana mke, hana mtoto, hana mwenzake, na wakasikia anasema Kimalay. Huku kuna Waislamu ambao tangu zamani wanaitwa Wamalay, mababu zao waliletwa Cape wakiwa watumwa, na baadhi wakahamia Johannesburg. Basi muuza vitambaa wa duka la mbele, bwana mwenye moyo mzuri na haraka ya kutenda wema, alitangaza kwamba amempatia Fundi ndugu zake. Tulikwenda wote kwenye harusi ya Wamalay hao, mimi nikiwa na mtandio mpya, Fundi akiwa na kanzu aliyoimaliza Alhamisi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wakamkalisha karibu na bibi wa nyumba, mwanamke wa miaka tisini na kofia ya sufu. Fundi akapiga magoti karibu na kiti chake, akamsalimia kwa Kimalay safi, kirefu, cha adabu. Bibi akamwangalia. Kisha akashika mkono wake akasema, "Tramakasi, tramakasi," na hapo ndipo Kimalay chake kilipoishia. Lilibaki neno hilo la shukrani, lingine la kuomba, na majina ya vyakula. Mengine yote yalikuwa Kiafrikana.

Nilidhani atavunjika moyo. Alikaa na bibi huyo mpaka alasiri, wakitajiana vyakula. Bibi anataja, Fundi anataja. Njiani kurudi, gari limesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, alisema bibi yule ni tajiri, kwa sababu lugha ilipoondoka ilimwachia chakula. Alifurahi kweli. Lakini Kimalay hakikuwa shida yake, na muuza vitambaa hakuelewa kwa nini Fundi hakurudi tena kwa ndugu zake.

Jambo ambalo mimi sikulielewa lilitokea mwaka uliofuata. Aliingia mzee mmoja nadhifu na mkoba wa ngozi, mgeni wa biashara, anataka kupunguziwa mikono ya koti. Alikuwa akiongea kwenye simu, na niliitambua ile sauti ya namba za Kikhmer za Fundi. Nikageuka kumwita kwa shangwe. Kiti kilikuwa kitupu. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ameshika mkasi, na kwa mkono mwingine ananifanyia ishara ya hapana. Nilimwambia mgeni fundi hayupo, arudi kesho. Alipoondoka nilimvamia Fundi kwa maneno. Miaka yote unaomba mtu, Mungu anamleta mpaka mlangoni, wewe unajificha kwenye pazia!

"Umri wake kama mimi," alisema.

"Vizuri basi!"

"Umri wangu. Miaka ile yeye kijana. Mimi sijui yeye upande gani."

Sisi wa Buyenzi, ukimpata mtu wa kwenu ugenini, unamkamata mkono unampeleka kwa mwenzake siku hiyo hiyo: nimekuletea ndugu yako, chukua. Tunafanya hivyo hata baada ya yote yaliyotupata, na tunauliza maswali baadaye. Niliona woga wake ni ujinga. Sasa naona ulikuwa akili, lakini wakati huo nilikuwa na hasira naye kwa siku tatu, sikunywa chai yake.

Na kwa sababu mimi ni mkaidi, niliendelea kutafuta. Nilimpata binti mmoja Rosettenville, mtaa wangu mwenyewe, anapaka watu rangi ya kucha kwenye saluni ya Mchina. Mchina wa kweli, huyo. Nilimsikia akiimba huku anafanya kazi, nikamwuliza, akasema anatoka Kambodia. Miaka ishirini na mitatu. Nikapiga hesabu: huyu hakuwa upande wowote, hakuwa amezaliwa. Nilikwenda kwa Fundi, nikamweleza umri kwanza, jina baadaye. Alishona pindo zima kwanza. Mwishoni akasema aje Jumapili.

Alinyoa ndevu. Alipanga sinia la machungwa yaliyomenywa. Binti aliingia, akaunganisha viganja, akainama, akasema maneno matatu au manne, na Fundi akabadilika mbele ya macho yangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Mzee mpole aliyeinamisha kichwa kwa wateja akawa na sauti kubwa, akawa na mikono, akawa mtu wa masihara mabaya, maana binti aliziba mdomo na kupiga kelele. Alikuwa anaigiza watu. Aligombana naye kuhusu kitu fulani cha kupika. Walizungumza saa tatu, na mimi nilikaa kwenye mashine yangu na cherehani imezimwa. Nilitabasamu walipocheka. Nilikuwa na wivu, na niliona aibu kuwa na wivu. Miaka tisa wakati huo nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwa mtu yule na sikuwahi kukutana naye.

Binti alikuja Jumapili zote kwa miezi minne. Nilimwuliza Fundi kama amemwambia ile habari.

"Yule mtoto," alisema. "Anacheka vizuri. Mimi kumwambia, yeye kucheka namna gani tena?"

Mkataba wake saluni ulipokwisha, binti akarudi kwao. Aliaga kwa adabu zote, akaacha namba ya simu. Fundi alipiga mara mbili, mara ya pili kukawa na kelele ya watu upande wa pili, akakata. Baada ya hapo aliacha kulinganisha lugha. Sikusikia habari ya makan wala ya ng'ombe. Nilimsalimia kwa Kimalay, akaitika kwa Kiswahili. Kanzu zikawa zinamalizika Alhamisi, kwa sababu hakuongea tena na mtu. Nilimwomba msamaha, ingawa sikujua kosa langu lina jina gani.

"Bora wewe kuniacha," alisema, bila hasira. "Mimi kuzoea. Sasa kuzoea upya, na mimi mzee."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi yoyote. Bado yananiuma.

Macho yake yakapungua, sindano akawa anaivisha uzi kwa kubahatisha, mwishowe akamwachia muuza vitambaa lile duka. Mashine ya dirishani ilichukuliwa na kijana wa Kimalawi anayeshona kwa kasi na kusikiliza redio. Fundi alihamia chumba cha uani, Mayfair, kwa mjane mmoja ambaye marehemu mume wake alikuwa mteja. Nilikuwa namtembelea, kisha kazi ikawa nyingi, nikawa natuma salamu. Mnajua inavyokuwa.

Nilikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa nane, vumbi na upepo, nimebeba maandazi. Mjane alinifungulia akasema mzee hali chakula vizuri siku hizi, na anaongea peke yake. Anaongea Kichina, alisema. Nilimkuta ameketi kitandani na blanketi mabegani, amekonda, uso safi. Alinitambua kwa sauti. Tulikula andazi moja wawili. Nilimwambia habari za duka, za Zaina aliyepata kazi, za bei ya uzi, na niliona ananisikiliza kwa heshima tu.

"Mama Zaina, unaongea vizuri," alisema. "Una watu."

Hapo nikashindwa kuendelea na bei ya uzi.

"Mzee," nilisema, "ile habari. Niambie mimi."

"Wewe hujui Kikhmer."

"Sijui. Sijui hata neno moja, wewe mwenyewe unajua nilivyokuwa mvivu nacho. Nitakaa tu. Sitamwambia mtu, maana sitakuwa na cha kusema. Na mimi sikuwa upande wowote."

Alivuta blanketi vizuri mabegani. Kisha akaniuliza umri wangu, kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia. Akafikiri, akachagua neno, akaniita kwa neno hilo, na hakunitafsiria. Akaniomba nifunge mlango.

Alianza taratibu. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, na kila aliposimama kuvuta pumzi nikaitikia kama tunavyoitikia kwetu mtu anaposimulia: "Ehe." Akaendelea. "Ehe." Sauti yake haikuwa ile ya masihara na binti, wala ile ya upole wa dukani. Mara moja alionyesha kwa kiganja urefu wa mtoto kutoka sakafuni. Mara moja alisimama kabisa, nikadhani amemaliza, kumbe alikuwa anatafuta neno. Mjane alipita uani na ndoo, akapita tena kurudi. "Ehe," nilisema.

Kisha akanigusa bega, akasema kwa Kiswahili, "Hapa usiitikie. Hapa ni majina."

Nikanyamaza. Alitaja jina moja, akangoja kidogo, akataja jingine. Nilihesabu kwa vidole chini ya mtandio. Vidole vikaisha, na yeye alikuwa bado anataja.